Bega la asili, bega la kinyume na bega linalorekebishika: namna ya kuchagua kabla ya kupasuliwa

Mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka Kibosho aliketi mbele yangu katika chumba cha mazoezi hapa Moshi, akanionyesha kwa mkono wa kushoto mahali ambapo mkono wake wa kulia unaishia siku hizi, yaani usawa wa kidevu. Kilemba chake alikuwa amefungwa na mjukuu. Alikuwa ametoka kwa daktari bingwa wa mifupa, ambaye alimweleza kwamba gegedu ya bega lake imekwisha, kwamba dawa za maumivu na mazoezi havitatosha tena, kwamba mabega ya bandia yako ya aina zaidi ya moja, na kwamba arudi baada ya wiki mbili akiwa amezungumza na familia. Swali aliloniuliza lilikuwa fupi: "Mwanangu, lililo zuri ni lipi?"

Sikuweza kumjibu kwa neno moja, kwa sababu bega linalomfaa mtu mmoja linaweza kuwa kosa kubwa kwa jirani yake. Mimi si mpasuaji. Kazi yangu ni fiziotherapia, na kwa hiyo ndiye ninayekaa na mgonjwa kwa miezi kadhaa baada ya mshono kupona, nikaona kwa karibu ni nani aliyerudishiwa mkono wake na ni nani aliyebaki akijutia uamuzi alioufanya haraka. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mtu aliyepewa wiki mbili za kufikiri bila kuambiwa afikirie nini.

Kwanza, hali ya kano

Kiungo cha bega kinaundwa na kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono wa juu pamoja na kisahani kidogo kilichoko kwenye kombe la bega. Kisahani hicho ni kidogo mno kwa kichwa kinachokiegemea. Wakati wowote ule hugusana na robo au theluthi tu ya uso wake. Nyonga imejichimbia katika shimo lake na kushikiliwa na mfupa, ilhali bega linashikiliwa na nyama. Kano nne hutoka kwenye kombe na kukikumbatia kichwa cha mfupa mbele, juu na nyuma, na kazi yake ni kukibana kikae katikati ya kisahani wakati msuli mkubwa wa deltoidi, ule unaolipa bega umbo lake la duara, unapouinua mkono. Kano hizo zikichanika na kuachwa hivyo kwa miaka, deltoidi hubaki ikivuta peke yake, na badala ya mkono kuinuka, kichwa cha mfupa hupanda na kwenda kusugua dari la bega.

Hapo ndipo penye njia panda. Kabla ya kuuliza habari za chuma, kampuni au bei, uliza kano zako ziko katika hali gani na daktari amejuaje. Eksirei huonyesha mifupa, na mtaalamu akiona kichwa kimepanda karibu na dari hujua kwamba kano zilichanika zamani, lakini eksirei haionyeshi kano zenyewe. Altrasaundi ikishikwa na mkono wenye uzoefu huzionyesha vizuri, na kipimo cha MRI huonyesha zaidi, kwa kuwa hutofautisha msuli ulio hai na msuli uliokwisha kugeuka mafuta. Tofauti hiyo ni kubwa: kano iliyochanika ambayo msuli wake umegeuka mafuta haiwezi kushonwa na kufanya kazi tena, hata mpasuaji awe hodari namna gani. Kipimo cha CT nacho huonyesha ni kiasi gani cha mfupa wa kisahani kimebaki na kimelikia upande upi, jambo linaloamua kama kuna mahali pa kukaza kipandikizi.

Bega la mfano wa asili na bega la kinyume

Bega la mfano wa asili hufuata umbo tulilozaliwa nalo. Kichwa cha mfupa kilichoharibika hukatwa, na mahali pake huwekwa tufe la chuma lililoshikiliwa na shina linaloingia ndani ya mfupa. Juu ya kisahani huwekwa kipande cha plastiki ngumu ya polietilini, kwa kawaida kwa saruji ya mifupa. Charles Neer wa New York alianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kubadilisha kichwa peke yake kwa watu waliovunjika bega, na kufikia 1974 alikuwa ameongeza kisahani cha plastiki kwa waliosagika viungo. Bega la aina hii linategemea kano zako kabisa. Zikiwa nzima, mgonjwa hupata mkono unaokaribia ule wa zamani: huinuka, huzunguka ndani na nje, hufika mgongoni, na maumivu ya usiku yaliyokuwa yakimnyima usingizi hupungua sana.

Bega la kinyume ni wazo la Mfaransa Paul Grammont wa Dijon, aliyeliunda mwaka 1985. Yeye alibadilisha nafasi za vipande: tufe akalifunga kwenye kombe, na kikombe akakiweka juu ya mkono. Kwa kufanya hivyo alikisogeza kitovu cha mzunguko ndani na chini, msuli wa deltoidi ukavutwa na kupata wenzo mrefu zaidi, kiasi kwamba unaweza kuuinua mkono bila msaada wa kano. Tufe lake la kwanza lilikuwa theluthi mbili za mviringo kamili. Baadaye alilipunguza likawa nusu, ili kitovu cha mzunguko kiangukie juu ya mfupa wenyewe na nguvu inayotaka kuling'oa bamba ipungue. Marekani haikuruhusu mabega haya yauzwe huko hadi mwishoni mwa 2003, na leo yamekuwa ya kawaida kwa wazee wenye kano zilizochanika.

Nikiyaweka mawili hayo bega kwa bega, naona hivi. Kwa mtu mwenye kano nzima na mfupa wa kutosha, bega la mfano wa asili humpa mizunguko bora zaidi, na likichoka bado kuna hatua nyingine ya kwenda. Kwa mtu ambaye kano zimekwisha, bega hilohilo ni hasara: tufe la chuma litapanda vilevile kama kichwa cha mfupa kilivyopanda, likikandamiza ukingo wa juu wa kisahani cha plastiki na kuuinua ukingo wa chini kwa kila mkono unaponyanyuliwa, kama msumari unaotikiswa huku na huku mpaka ulegee. Kulegea kwa kisahani ndiko kasoro ya miaka ya baadaye inayolisumbua bega la asili kuliko nyingine. Mtu wa namna hii anahitaji bega la kinyume, mradi deltoidi yake iko hai.

Sharti hilo la deltoidi lisipitwe juu juu, hasa katika mji huu wenye ajali nyingi za bodaboda. Anayeanguka kwa bega anaweza kuumiza neva inayoiendesha deltoidi, na eksirei haitasema lolote. Mwambie mgonjwa asukume kiwiko chake nje dhidi ya kiganja chako, kisha uweke vidole vya mkono wako mwingine juu ya duara la bega: msuli ulio hai hukaza kama ndizi mbichi, uliokufa hubaki laini. Gusa pia ngozi ya upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, umwulize kama anahisi sawasawa na upande wa pili. Bega la kinyume likiwekwa juu ya deltoidi iliyopooza halina cha kuliendesha.

Bega la kinyume lina matatizo yake. Linaweza kuteguka, hasa katika miezi ya kwanza. Ukingo wa kikombe unaweza kugonga na kulichimba kombe kwa chini, ndiyo maana miundo mipya imepunguza mwinamo wa nyuzi 155 wa Grammont hadi 145 au 135. Mfupa wa dari la bega, ambao sasa unavutwa na deltoidi iliyokazwa, unaweza kupata ufa kwa wazee wenye mifupa dhaifu. Tena likishindwa, njia za kurudi nyuma ni chache na ngumu. Kwa sababu hizo wapasuaji wengi kwa muda mrefu walilihifadhi kwa waliozidi miaka 65 au 70, ingawa siku hizi mpaka huo umelegea. Kuhusu kudumu, aina zote mbili zimefanya vizuri: katika rekodi za nchi zinazofuatilia wagonjwa wao kwa miaka mingi, zaidi ya mabega tisa katika kila kumi yalikuwa bado yamo mwilini baada ya miaka 10.

Ni kitu gani hasa kinachorekebishika?

Neno hili ndilo linalowachanganya wagonjwa, na nadhani linatumiwa kiholela hata na wanaouza vifaa. Hapa Moshi wengi wetu tumeuona mguu wa bandia unaorekebishika, kwa kuwa chuo cha TATCOT kilichoko eneo la hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Fundi humtembeza mgonjwa, hutazama mwendo wake, hupiga goti na ufunguo wake mdogo, hulegeza skrubu moja na kukaza nyingine, kisha humwambia atembee tena. Wiki ijayo akilalamika, hurudia. Watu hudhani bega linalorekebishika ni hivyo hivyo. Sivyo. Bega hurekebishwa wakati limefunguliwa juu ya meza ya upasuaji. Ngozi ikishashonwa, haligusiki tena ila kwa kupasuliwa upya.

Ndani ya mipaka hiyo, urekebishaji una viwango vitatu, na ni vizuri mgonjwa ajue anaahidiwa kipi.

Cha kwanza ni vipande vinavyotenganishwa. Bega la kwanza la Neer lilikuwa kipande kimoja, shina na tufe pamoja, hivyo aliyekuwa na mfupa mwembamba na kichwa kikubwa alilazimika kupunjwa upande mmoja. Baadaye shina na tufe vikatenganishwa, na mpasuaji akaweza kuchagua unene wa shina kwa kufuata mfupa na ukubwa wa tufe kwa kufuata kano. Leo kiwango hiki ni cha kawaida.

Cha pili ndicho ninachoona kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1997 Wafaransa Pascal Boileau na Gilles Walch walichapisha vipimo vyao vya umbo la mfupa wa mkono wa juu, wakaonyesha kwamba watu tunatofautiana mno. Mwinamo wa kichwa juu ya mfupa ulikuwa kati ya nyuzi 123 na 136. Kule kugeukia nyuma kwa kichwa ndiko kulikoshangaza zaidi, kwa sababu kati ya mtu na mtu tofauti ilizidi nyuzi 50. Tena kitovu cha kichwa hakikai juu ya mhimili wa mfupa; kimesogea kiasi cha milimita 7 kuelekea ndani na milimita 2 hadi 3 kuelekea nyuma. Shina lililonyooka likiingizwa katikati ya mfupa, na tufe likiwekwa katikati ya shina, tufe hilo litakuwa limekaa mahali ambapo kichwa cha asili hakikuwapo.

Dawa yake ni tufe ambalo tundu la kulifungia haliko katikati. Chukua mfuniko wa sufuria ambao kirungu chake kimefungwa pembeni kidogo ya katikati. Ukikishika kirungu mahali pamoja na kuuzungusha mfuniko, utaona ukingo wake ukitokeza mara upande huu, mara upande ule, ingawa mkono wako haujahama. Mpasuaji hufanya vivyo hivyo: huzungusha tufe la majaribio juu ya shina mpaka ukingo wake ufunike mfupa uliokatwa pande zote bila kuning'inia, hukiangalia kilele chake kisipande zaidi ya milimita chache juu ya kinundu ambacho kano zimejishikiza, huunyanyua na kuuzungusha mkono kuona kama kano zinakaza kupita kiasi, ndipo huweka tufe la kweli katika alama ileile. Miundo mingine huruhusu pia kubadilisha mwinamo na mgeuko. Milimita chache zinaonekana kuwa si kitu, lakini tufe lililo kubwa kupita kiasi au lililokaa juu mno huzivuta kano kila siku ya maisha ya mgonjwa. Mimi hulijua katika wiki ya nane, pale mkono unapokataa kuzunguka nje hata mgonjwa awe na bidii namna gani, naye anajilaumu kwa kosa lisilo lake.

Kiwango cha tatu ni bega linalogeuzwa, yaani shina ambalo leo linabeba tufe la bega la asili, na miaka kumi baadaye, kano zikichanika, tufe hilo huondolewa na kikombe cha bega la kinyume kufungwa juu ya shina lilelile. Faida yake ni kubwa kwa yeyote aliyewahi kuona shina likitolewa. Shina lililoshikana vizuri na mfupa, hasa lililojengewa kwa saruji, haling'oki kwa kuvutwa. Mara nyingi mfupa hupasuliwa kwa urefu kama bua, na mgonjwa hupoteza damu na uimara wa mfupa ambao hataupata tena. Kulibakiza shina kunafupisha upasuaji na kuuacha mfupa salama.

Hata hivyo ahadi hii ina masharti. Kikombe cha bega la kinyume mara nyingi hukaa juu ya sinia linalowekwa juu ya shina, na sinia hilo huongeza urefu. Kama shina la mwanzo liliwekwa juu kidogo kuliko ilivyotakiwa, nafasi ya kuongeza haipo. Mkono hauwezi kurudishwa kiungoni bila kuvuta neva na deltoidi kupita kiasi, na shina litang'olewa tu. Kwa hiyo bega linalogeuzwa hugeuzwa vizuri pale tu lilipowekwa vizuri siku ya kwanza. Upande wa kisahani nako kuna vipande vya chuma vilivyotengenezwa ili vigeuzwe, lakini historia yake haijafurahisha: visahani vya zamani vyenye mgongo wa chuma vililazimu upasuaji wa marudio mara nyingi kuliko vya plastiki tupu vilivyowekwa kwa saruji. Mimi ningekubali haraka shina linalogeuzwa, na ningeuliza maswali mengi kabla ya kukubali kisahani kinachogeuzwa.

Kuna pia gharama iliyojificha katika kila maungio. Tufe hushikana na shina kwa koni inayopigwa ndani ya tundu lenye mteremko uleule, na koni hiyo hushika vizuri ikiwa kavu na safi. Tone la damu likibaki katikati, mshiko hupungua. Kwa miaka, mahali ambapo chuma hukutana na chuma panaweza kusuguana na kupata kutu. Bega la vipande vingi lina sehemu nyingi za kuharibika kuliko bega la vipande vichache, na jambo hilo halifutwi na uzuri wa maelezo ya muuzaji.

Nusu bega, bega lisilo na shina, na bega lililovunjika

Nusu bega, ambapo kichwa tu hubadilishwa na kisahani huachwa, lilikuwa jibu la kawaida zamani, na kwa wazee waliovunjika vibaya matokeo yake hutegemea kama vinundu vya mfupa vinavyoshika kano vitaunga mahali pake. Visipounga, mkono hauinuki. Ndiyo maana kwa mzee aliyevunjika bega vipande vitatu au vinne, wapasuaji wengi sasa huegemea bega la kinyume. Lakini si kila aliyevunjika bega anahitaji kupasuliwa. Utafiti wa Uingereza unaoitwa PROFHER, uliochapishwa 2015 ukiwa na wagonjwa 250 ambao mifupa yao ilikuwa imehama, uliwafuatilia kwa miaka miwili na haukuona tofauti ya maana kati ya waliopasuliwa na waliofungwa mkono tu. Mzee akivunjika bega na kuambiwa afungwe mkono, asidhani amepuuzwa.

Bega lisilo na shina lilianza kutumika Ulaya mwaka 2004. Tufe hushikiliwa na nanga fupi inayokaa ndani ya sehemu pana ya juu ya mfupa, na mfereji wa mfupa hauguswi. Kwa mtu wa miaka arobaini au hamsini naliona ni zuri mno, kwa sababu siku ya marudio mfupa wake utakuwa bado mzima. Nawakumbuka hapa hasa wenye selimundu, ambao kichwa cha mfupa hufa kwa kukosa damu wakiwa bado vijana, na ambao watahitaji bega lao kwa miongo mingi. Sharti ni ubora wa mfupa: baada ya kukata kichwa, mpasuaji huubonyeza kwa dole gumba, na ukibonyea kama mkate laini, hurudi kwenye shina. Kwa hiyo hata ukikubaliana naye bega lisilo na shina, mwulize kama shina litakuwapo chumbani iwapo dole gumba litakataa.

Mkono huo utafanya kazi gani?

Hapa huwa nachukua muda mrefu na wagonjwa wangu kuliko mahali pengine popote. Kuchuma kahawa ni kazi ya mikono iliyo usawa wa kifua na uso, kwa saa nyingi, bila mzigo mkubwa. Bega lolote kati ya haya, likikaa vizuri, linaweza kuifanya. Kujitwika mkungu wa ndizi au ndoo ya lita 20 ni jambo jingine, maana ndoo hiyo ina kilo 20, na kuipandisha kichwani kwa mkono wenye bega la bandia hukatazwa na wapasuaji wengi, hasa likiwa la kinyume. Jembe nalo huja na mtikisiko. Familia ambayo haiko tayari kumpunguzia mama mizigo hii iamue hivyo kabla ya upasuaji, kwa sababu mama mwenyewe, akirudi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kukuta migomba imelemewa, hatakaa akitazama.

Jambo la faragha ambalo wagonjwa wengi huona haya kuliuliza ni usafi wa mwili. Bega la kinyume huinua mkono mbele vizuri, lakini mara nyingi hupunguza uwezo wa kuupeleka mkono nyuma ya mgongo: kufunga kitenge kwa nyuma, kujisugua mgongo, kujisafisha chooni. Mkono mmoja ukiwa hivyo, wa pili husaidia. Mtu ambaye mabega yote mawili yameharibika alizungumze jambo hili na mpasuaji waziwazi, na wakubaliane ni mkono upi uanze na kwa nini.

Baada ya upasuaji mkono huning'inizwa kwa wiki nne hadi sita, kwa aina zote mbili, lakini makatazo hutofautiana. Kwa bega la asili, kano ya mbele hukatwa ili kuingia kiungoni na kushonwa wakati wa kutoka, kwa hiyo kuuzungusha mkono nje kwa nguvu kunaweza kuikata tena. Kwa bega la kinyume hatari ni kuteguka, na mkao unaolitegua ni kuupeleka mkono nyuma huku ukiugeuza ndani, yaani kujisukuma kwa mkono huo ili kuinuka kitini au kuchomeka shati nyuma. Kushuka kwenye daladala la kutoka Machame huku umeshika kiti nyuma yako ni mkao huohuo.

Swali la spea

Kabla ya chuma chochote kuingia, mwili uwe hauna maambukizi. Bega la bandia la kwanza kurekodiwa liliwekwa Paris mwaka 1893 na Jules-Émile Péan, kwa mtu ambaye bega lake lilikuwa limeliwa na kifua kikuu. Lilitengenezwa kwa platini na mpira uliochemshwa kwenye nta, na baada ya takriban miaka miwili likatolewa kwa sababu ugonjwa haukuwa umekwisha. Kifua kikuu cha viungo bado tunacho, na hospitali ya Kibong'oto iko palepale Siha. Bega linalosagika taratibu kwa mtu anayekonda na kutokwa jasho usiku lichunguzwe kwanza kwa ugonjwa huo.

Ukishapita hapo, mwulize daktari jambo ambalo mimi naliona ndilo linalopima thamani ya bega linalorekebishika katika mazingira yetu: vipande vya kuligeuza vitapatikana wapi miaka kumi ijayo, na bisibisi yake itakuwa kwa nani? Kikombe cha kampuni moja hakikai juu ya shina la kampuni nyingine. Nilimpokea mzee aliyewekewa bega nje ya nchi, likaanza kumuuma baada ya miaka saba, naye hakuwa na karatasi hata moja. Shina lake huenda lilikuwa la kugeuzwa. Wapasuaji walikaa na eksirei yake wakilinganisha umbo la chuma na picha za vitabuni, na siku zikapita kabla ya kujua hata ni bisibisi ya aina gani itafutwe.

Mama wa Kibosho alipimwa altrasaundi, na kano zake zilikuwa nzima, mfupa wake mzuri, umri wake miaka 61. Nilimwambia maoni yangu kwamba bega la mfano wa asili lenye tufe la kuzungushwa, juu ya shina linalogeuzwa, linamfaa iwapo daktari atamhakikishia vipande vya baadaye. Na kama hawezi, basi bega la asili la kawaida lililowekwa na mkono uliokwisha kuweka mengi ya aina hiyo ni bora kuliko la kugeuzwa lisilo na mwenyewe. Angekuwa na miaka 78 na kano zilizokwisha, ningemwambia achukue la kinyume moja kwa moja na asilipie kugeuzwa ambako hatakuhitaji.

Alirudi kwa daktari akiwa na mwanawe na karatasi ya maswali. Chini kabisa niliandika, kwa herufi kubwa ili mwanawe asisahau, waombe kadi ya kipandikizi yenye jina la kampuni, ukubwa wa kila kipande na namba ya toleo, na zile stika zinazobanduliwa kwenye pakiti siku ya upasuaji zibandikwe katika daftari lake la kliniki, kisha mwanawe azipige picha kwa simu, na kadi yenyewe ikae nyumbani pamoja na hati ya shamba.